Pedali ya Doña Urbana

Naapa kwa goti langu la kulia, ndilo pekee lililobaki zima, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tangu herufi ya kwanza. Sikutia chumvi. Kama nimeongeza hata punje, samaki bangus asipite tena kooni mwangu, na mtu wa Santa Ubalda aliyenyimwa bangus hana sababu ya kuendelea kuishi katika tope hili.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa tatu na dakika kumi asubuhi, na bamvua limefika magotini barabarani. Sajenti Perpetua Macaraig aliteremka kwenye mtumbwi mbele ya nyumba ya marehemu Doña Urbana Lacsamana, akavua viatu mlangoni, akavipanga kwenye safu ya ndara za watu, akapanda ngazi. Juu ya ngazi alikuta sanduku la bati lililofungwa kamba ya nailoni. Juu ya sanduku, mkeka uliokunjwa. Juu ya mkeka, sufuria ya wali.

"La nani?"

"Langu, afande," alijibu Nana Sepa, mtunza nyumba. Alisimama ubavuni mwa mzigo wake kama abiria aliyeachwa na meli. "Nimeambiwa nifunge. Nimefunga."

"Ukishafunga unakwenda wapi?"

"Ndilo ninaloliwaza tangu alfajiri. Sijapata mahali."

Wakili Leandro, mtoto pekee wa Doña, alitoka sebuleni akijipepea kwa bahasha. Alikuwa amefika kutoka Manila jana yake, na tayari alikuwa ameshagombana na mpishi, mtu wa viti na padre.

"Sajenti, hii ni hujuma," alisema. "Leo mama anatimiza mwaka. Leo tunavua nguo nyeusi. Nina wageni themanini, padre na meya. Saa kumi kamili binti yangu Amparo anapiga kipande alichokipenda bibi yake. Na piano haina pedali."

"Naziona tatu."

"Zipo! Hata maiti ana miguu. Ya kulia imekufa. Na mtu aliyekaa na piano hii mwaka mzima peke yake ni huyu hapa. Nimeshasema: ikiimba saa kumi, abaki. Isipoimba, mtumbwi wa saa kumi na mbili umchukue na sanduku lake."

"Miaka ishirini na minane naifuta vumbi," Nana Sepa aliliambia sanduku. "Hata kiti chake sijawahi kukikalia."

Sajenti aliandika saa kwenye daftari lake. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye tabia ya kulamba ncha ya penseli kabla ya kila neno, na kwa kumtazama tu ungejua hapendi kesi hii. Mkuu wake alimtuma kwa sababu wakili ni binamu wa meya. Sheria ya kumshtaki mtu kwa pedali hakuna.

Mimi wakati huo nilikuwa chini ya piano, chali, bisibisi mdomoni. Ndiyo maana wahusika wa kesi hii nawajua kwa miguu kuliko kwa sura. Jina langu ni Isko, mstaafu wa posta, na kutengeneza piano nilijifundisha mwenyewe. Nilifungua kinanda cha kanisa ili kumtoa panya, na nilipokirudisha kilikuwa na sauti nzuri kuliko mwanzo, na skrubu kumi na moja za ziada. Tangu siku hiyo hakuna piano katika mji huu isiyopita mikononi mwangu.

"Mang Isko," Sajenti aliita, akipiga magoti mpaka nikaona uso wake umegeuka upande. "Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Maana sijui kitu."

"Afande, hii ni piano kubwa, nyuzi zake zimelala. Kila uzi una kizimio juu yake, kipande cha mbao chenye sufu chini. Kinaukalia uzi kama kuku anavyokalia yai. Ukibonyeza kibao, kizimio kinainuka, uzi unalia. Ukiachia, kinakaa, uzi unanyamaza. Sasa pedali ya kulia inainua vizimio vyote kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo piano inapovuta pumzi."

"Na kutoka mguuni mpaka kule juu kuna njia gani?"

"Pedali zinakaa kwenye fremu hii inayoning'inia chini ya tumbo. Sisi tunaiita kinubi. Ukikanyaga, nyuma ya pedali inapanda, inasukuma ufito huu wa shaba. Ufito unasukuma wenzo huu wa mbao. Wenzo unainua vizimio."

"Amparo," alisema Sajenti, "kanyaga."

Binti alikaa na kukanyaga kwa mguu mtupu, kama sote tunavyokanyaga. Pedali ilishuka mpaka mwisho. Ufito ulipanda, ukaugusa wenzo pembeni, ukateleza. Kule juu vizimio vya sauti nene viliinuka unene wa ukucha, vikaanguka. Vya sauti nyembamba havikutikisika. Amparo alipiga mlio mmoja mkubwa kwa mikono miwili, ukafa hapo hapo.

"Ni kama mtu anapasua kuni," Amparo alisema. "Baba, siwezi. Kile kipande kizima kinaishi kwenye pedali."

Sajenti alichomoa njiti ya kiberiti, akaiweka kati ya kichwa cha ufito na wenzo.

"Kwa kawaida nafasi hii huwa kiasi gani?"

"Ya kupumulia tu. Unene wa sarafu ya peso, basi. Ikizidi, mguu unacheza bure."

"Hapa ni karibu nusu ya urefu wa njiti." Akaandika. Akashika kinubi kwa mikono miwili, akakitikisa. Hakikutikisika. Akapapasa mihimili miwili ya nyuma inayokizuia kisisukumwe na mguu. Imekaza. "Hii nati chini ya ufito ni ya nini?"

"Ya kurefusha na kufupisha."

"Kwa nini usirefushe?"

"Imefika mwisho wa meno yake, afande."

"Naona. Na meno yanang'aa, yamekwanguliwa juzi juzi. Nani aliizungusha?"

"Mimi. Jumanne, nilipokirudisha kinubi."

"Kilikuwa kimeenda wapi?"

Ilibidi nieleze kazi inayojulikana na kila mtu hapa, maana Sajenti kazaliwa milimani. Bamvua la Julai likianza, kila mwenye piano huinyanyua juu ya matofali. Lakini kinubi kinaning'inia chini, kinafikiwa na maji kwanza, gundi inayeyuka, kinabaki kuni. Kwa hiyo nakifungua. Navikusanya vinubi vyote, navipeleka darini mwa kanisa, navitundika kati ya sanamu za watakatifu zisizotumika. Septemba navirudisha. Mwaka wa gharika kuu nilichelewa siku moja tu, na piano hii hii ikaelea mpaka sokoni, Doña Urbana ameketi juu yake anapiga muziki wa waltz, wachuuzi wakimrushia samaki. Nilimwona kwa macho yangu.

"Vinubi vingapi vilikuwa darini mwaka huu?"

"Vichache."

Alilamba penseli, akaandika *vichache*, akapiga mstari chini yake. Kisha akawasha tochi na kujisogeza kwa viwiko mpaka tukawa bega kwa bega pale chini. Mwanga ulitembea juu ya sakafu, ukasimama nyuma ya pedali.

"Na hiki?"

"Uchafu, afande."

"Uchafu una pembe nne?" Kilikuwa kipande cha mpira wa buluu, kipana kama stempu, kinene kama kidole, kimekatwa kwa wembe. Katikati kilikuwa na kovu la duara. Sajenti alikilinganisha na kichwa cha ufito. Kovu na ufito vilipatana kama kifuniko na chungu. "Huu ni mpira wa ndara. Mtu alijaribu kuziba nafasi, mpira ukaruka. Kwa hiyo mtu alijua pedali imekufa kabla ninyi hamjafika jana, akanyamaza."

Alikitia kwenye bahasha. Mimi nikaona ni wajibu wangu kuusaidia upelelezi.

"Afande, usimsahau tuko," nikasema. "Yule mjusi mnene akikamata mbao haachi mpaka radi ipige. Nimewahi kumkuta mmoja amekamata vizimio vya sauti nene, tukashindwa watu wanne. Na humu wamo, nimeona mayai yao nyuma ya ubao."

Sajenti alikagua. Mayai mawili kweli yalikuwepo, yameganda kwenye ubao, makavu, yameshaanguliwa zamani. Alizungusha tochi kila pembe kwa robo saa, jasho likimdondoka puani, asipate hata unyayo wa mjusi. Alipotoka chini ya piano alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

"Tuko hana wembe," alisema.

Akamgeukia wakili.

"Kati ya Jumanne na jana ulifika hapa?"

"Jana ndiyo nimefika."

"Nana Sepa?"

"Alikuja Jumatano, afande," mtunza nyumba alisema kwa sauti ndogo. "Na bwana mmoja mwenye futi ya chuma. Wakapima vyumba."

"Nyumba ni yangu!" Wakili alipaza sauti. "Kupima nyumba yangu ni kosa?"

"Si kosa. Bwana wa futi aliigusa piano?"

"Aliweka kofia yake juu yake."

"Na nyumba ikiuzwa, mtunza nyumba anafanywa nini?"

Wakili alijipepea kwa bahasha yake, mara moja, mara mbili, kisha akasema taratibu, "Sajenti, mimi namtaka atoke, sifichi. Lakini ningeiua piano ya mama siku ya kumkumbuka mama? Mbele ya meya?"

Sajenti alikubali kwa kichwa. Hata mimi nilimwamini. Alikuwa mtu mwenye haraka, ila katika hilo alikuwa mkweli.

"Basi nani alitoka nje asubuhi hii?"

Amparo alitazama mikono yake. "Nana Sepa. Saa kumi na moja, na kikapu. Alirudi saa moja. Nilimuuliza, hakunijibu."

"Ndiyo huyo!" alisema wakili.

"Nana," Sajenti alisema, "kikapuni mlikuwa na nini?"

Nana Sepa aliushika ukingo wa sanduku. Alitazama chini, akamtazama mpishi kule jikoni, akatazama tena chini.

"Mayai," alisema. "Dazeni mbili. Yale ya kupikia vitamutamu vya wageni. Niliwapelekea masista wa Santa Clara, waombe mvua isinyeshe leo. Bwana mkubwa hapendi mambo hayo, ndiyo maana sikusema. Lakini viti viko uani, juu ya jukwaa la mbao lisilo na paa, na mbingu umeiona mwenyewe."

"Mayai yangu," alisema wakili, akakaa.

"Na kwa masista ulikaa muda wote huo?"

"Sista wa mlangoni alinizuia kwa mazungumzo. Wana shida yao. Alisema niwaombee nao."

"Shida gani?"

"Piano yao haitaki kunyamaza. Tangu Jumatano. Wanapiga wimbo mmoja, sauti zote zinabaki hewani, zinapandana kama nyuki. Wapo wanaosema ni muujiza. Mama Mkuu anasema ni adhabu."

Sajenti Perpetua aliacha kulamba penseli. Alitazama ufito wa shaba. Alitazama njiti yake.

"Hii vizimio haviinuki," alisema polepole. "Ile vizimio havikai. Hapa ufito ni mfupi. Kule, Mang Isko, ufito ukiwa mrefu kupita kiasi, inakuwaje?"

"Unausukuma wenzo saa zote, afande. Kama mtu amekanyaga pedali haondoki," nikajibu. Sikuwa na njia ya kujibu vingine.

"Chukua kofia yako. Tunakwenda kwa masista."

Monasteri haiko mbali, kwa mtumbwi ni dakika kumi, ila mitumbwi yote ilikuwa ikibeba viti vya wageni, tukapata mmoja saa nane kasoro robo mchana. Masista wale hawatoki nje wala hawaonekani. Ukutani kuna pipa la mbao linalozunguka: unaweka mayai upande wako, unalizungusha, sauti inakushukuru kutoka upande wa pili. Tulipofika, tulisikia kinachosemwa. Ndani mtu alikuwa amegusa piano mara moja tu, labda akiipangusa, na mlio ule ulikuwa bado unatembea koridoni kama mzee anayetafuta miwani.

"Tumsifu Yesu Kristu," pipa lilisema.

"Milele amina. Sista, mimi ni polisi."

"Oho. Ni kwa ajili ya piano? Tumeshindwa kabisa, mwanangu. Tumeinyunyizia maji ya baraka, ikazidi."

"Sista, kinubi chake alikirudisha nani?"

"Mang Isko mwenyewe. Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Alipigiwa kengele mbele kama kawaida, sisi tukajificha. Alikuwa na haraka, alisema ana piano nyingine mjini jioni hiyo."

Sajenti hakugeuka kunitazama. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sista, ninaamini kinubi hicho ni cha nyumba ya Lacsamana, na chenu kiko kule. Nipeni hicho sasa, nitawaletea chenu kabla ya sala ya jioni."

"Ningekupa, wallahi ya kisista ingekuwepo ningeiapa. Lakini tumeingia mafungo ya kimya leo adhuhuri. Chumba cha piano kimefungwa, ufunguo anao Mama Mkuu shingoni, na Mama Mkuu haongei wala hasikii ya dunia mpaka Jumatatu saa mbili. Mimi peke yangu nimeruhusiwa kuongea, na ni kwa ajili ya mayai tu."

"Kuna mtu atafukuzwa kwenye nyumba yake leo jioni."

Sauti ikasema, ndogo kabisa, "Hatua arobaini kutoka nilipokaa. Nakiona kitasa. Nitawaombea."

Sajenti aliweka kiganja juu ya ukuta ule, kana kwamba angeweza kuusukuma. Halafu tukarudi mtumbwini. Njiani nilimwonyesha mahali nilipowahi kumkamata kambare mwenye masharubu ya mita moja, akasema, "Mang, nyamaza."

Tulifika saa nane na nusu. Mlangoni alituzuia mke wangu, Bining, amekunja sketi mpaka magotini, mfuko wa plastiki mkononi.

"Wewe mzee una akili?" alisema. "Bamvua lote hili unavaa viatu vya harusi? Una malengelenge yako, unadhani nani atayapasua leo usiku? Ndara zako hizi, nimezikuta umezificha chini ya gunia la mchele. Na moja imeliwa na panya."

Sajenti aliupokea mfuko kwa heshima zote. Akatoa ndara za buluu. Ya kushoto ilikuwa na tundu kisiginoni, lenye pembe nne. Akafungua bahasha, akachukua kile kipande cha mpira, akakitumbukiza kwenye tundu. Kiliingia bila kusukumwa.

"Panya mwenye rula," alisema.

Hapa msomaji atadai kwamba nilimficha jambo. Sikumficha. Nilisema haya yote ni kweli, sikusema yametajwa yote.

Nilikiri pale pale, kwenye ngazi, maji yakinilamba viatu vya harusi. Vinubi vikubwa darini vilikuwa viwili tu. Sivitii alama, maana kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikijisifu kwamba navijua kwa sura kama wajukuu. Mwaka huu Mtakatifu Roko alianguka, nikavisogeza, nikasahau kipi kilikuwa wapi. Jumanne jioni nilipokanyaga pedali hii nilijua. Lakini masista walikuwa wameshaimba sala ya mwisho, na kwenda kubisha kusema "Isko kakosea" lilikuwa jambo zito kuliko piano yenyewe. Nikakata ndara. Nikaondoka. Nilidhani nitapata siku ya kubadilisha kimyakimya.

Nana Sepa alikuwa amesimama nyuma ya wakili, amesikia kila neno.

"Siku nne ulijua," alisema. "Asubuhi hii nilipofunga lile sanduku ulikuwa pale chini. Uliiona miguu yangu ikipita."

"Niliiona, Nana."

"Ulinisaidia hata kushika kamba."

Nilikuwa nimemshikia kamba, ndiyo. Aliomba kidole cha kukandamiza fundo, nikakitoa kidole kutoka chini ya piano.

"Vizuri, tumempata mkosaji," alisema wakili. Sauti yake haikuwa na ushindi. "Piano je?"

Hapo ndipo unyonge ulipotushika sote. Tulikuwa na jibu lote mkononi na saa moja na nusu, na jibu halikutufaa kitu. Tulijaribu mpira tena, ukaruka kwa mkanyago wa tatu. Tulijaribu kizibo cha chupa, kikapasuka. Kipande cha mshumaa, kikasagika. Sajenti mwenyewe alichonga mti wa mpapai jikoni, akauchomeka, ukakaa mikanyago saba, Nana Sepa akaanza kutabasamu, ukatoka ukampiga wakili kwenye mundi. Shida haikuwa urefu peke yake. Ufito wa masista ulisimama vidole viwili kushoto, ukaugonga wenzo ukingoni, na chochote utakachoweka ukingoni lazima kianguke.

Saa tisa na nusu viti vya uani vilianza kujaa. Mvua haikunyesha. Meya alifika. Nana Sepa alikwenda kubadili kilemba, akarudi, akasimama karibu na ngazi upande wa sanduku, ili asiwasumbue watu itakapofika zamu yake ya kutoka.

Amparo alikuwa ameketi kwenye kiti, mikono mapajani, anatazama chini ya piano.

"Mang Isko," alisema, "huo wenzo, ukiusukuma kwa mkono unainuka?"

"Unainuka, mwanangu. Ila una springi nzito. Ni kama kunyanyua paja la nguruwe."

"Mara moja unaweza?"

"Mara moja naweza."

"Mara mia tatu?"

Niliwatazama. Bining alikuwa amekunja mikono. Wakili alikuwa anaitazama saa. Sajenti Perpetua alikwenda ukutani, akavuta kile kitambaa cheusi cha msiba kilichofunika picha ya marehemu, kitambaa kirefu, akakitandaza juu ya piano mpaka kikagusa sakafu pande tatu.

"Sheria ya kukushtaki sina," aliniambia. "Ila ingia."

Niliingia. Nililala chali, kichwa kwenye kinubi, kiganja cha kushoto juu ya pedali, kiganja cha kulia chini ya wenzo. Makubaliano yalikuwa hivi: mguu wa Amparo unakaa juu ya kiganja changu, ukikandamiza, nasukuma juu, ukilegea, naachia. Nisiwahi, nisichelewe. Nikiwahi, sauti mbili zinachanganyika kama supu na maziwa. Nikichelewa, kuni zinapasuliwa.

Padre alisali. Mbu walinijua mapema. Halafu mguu ulinikandamiza.

Nimeishi chini ya piano miaka kumi na tisa, lakini sikuwahi kuwa ndani ya muziki kabla ya siku ile. Vizimio vyote vilipanda na mkono wangu, na ubao mzima juu ya uso wangu ukavuta pumzi. Mguu, sukuma. Mguu, achia. Kufikia ukurasa wa pili bega lilikuwa linawaka. Kufikia wa nne sikuwa na bega. Mbu alikaa kwenye kope, nikamwacha ale. Uani hakuna aliyekohoa. Mara moja tu nilichelewa, karibu na mwisho, na mguu ule mdogo ulinikanyaga kidole kwa ukali ambao Doña Urbana angeujua.

Makofi yalidumu. Nilisikia wakili analia bila kujificha, kilio cha mtu mzima chenye kikohozi ndani, kisha nikamsikia anasema, "Nana, mtafutie meya kiti kizuri, wewe ndiye unajua vilipo." Miguu ya Nana Sepa ilipita mbele ya kitambaa, haraka haraka, ikielekea ndani.

Nikaanza kujikunja nitoke. Pembe ya kitambaa iliinuliwa, ukaingia uso wa Sajenti, umegeuka upande.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, afande. Mkono umekufa."

"Meya ameomba kirudiwe. Padre naye ana ombi lake. Na kesho asubuhi kuna wageni wa kutoka Manila." Alilamba penseli. "Masista wanafungua Jumatatu saa mbili. Nimemuuliza Aling Bining, anasema hana haja na wewe mpaka hapo."

Nyuma yake ilitokea miguu ninayoijua, na mkono wenye bakuli la tambi, na kijiko.

"Fungua mdomo," alisema Nana Sepa. Hakusema kwa upole, wala kwa ukali. Nilifungua. Alinilisha vijiko vitatu, akanipangusa kidevu kwa pindo la kilemba kama anavyoipangusa piano, na kabla sijameza cha tatu, mguu ukakandamiza kiganja changu.

Nikasukuma.